Mkono wa Mti

"Kumbe siku hizi watu wanachapishwa kama kadi za harusi!" alisema fundi wa makochi, na mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

Daktari wa mishipa hakuudhika. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye subira ya mtu aliyekwisha kueleza jambo lile lile kwa waume wengi wa namna ile.

"Hatuchapishi mtu mzima, baba," alisema. "Ni kipande tu, hata kidole gumba kinakizidi urefu. Tulitoa seli hai kwenye mshipa mdogo wa mguuni mwake, tukazilea maabara mpaka zikawa nyingi. Sasa kuna mashine inazipanga tabaka juu ya tabaka, zikiwa hai vilevile, mpaka tunapata kitu kama mrija mwembamba. Mrija huo tunaupandikiza pale mshipa wa fahamu ulipokatika. Mshipa utaota humo ndani polepole, kama mmea unaofuata kamba, mpaka ufike vidoleni."

"Ukifika?" aliuliza mkewe.

"Utaanza kuwashwa. Halafu utaumia. Siku utakapokuja hapa unalia kwamba vidole vinakuuma, mimi nitafurahi."

"Hii kali," alisema fundi. "Daktari anayeombea watu maumivu!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa akiziangalia nywele za daktari, zilizosukwa kwa kuvutwa mno, kipajini pameanza kutoka vipele. Mkono wake wa kushoto ulijua la kufanya. Wa kulia ulilala mapajani, kama mzigo aliopewa na mtu amshikie.

Watu walimwita Laini. Halikuwa jina lake, na wageni wa mtaa walidhani anauza laini za simu. Alipewa na wateja kwa sababu alisuka bila kumliza mtu, hata wale watoto wanaoanza kulia wakiona chanuo. Kisha siku moja kioo kikubwa cha saluni kikachomoka ukutani, naye badala ya kukimbia akakinga mkono, kwa kuwa kioo ni mali. Zahanati walimshona vizuri sana ngozi. Chini ya ngozi hakuna aliyetazama. Jeraha lilipopona, kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vimekufa ganzi, na gumba halikuweza tena kukutana na wenzake. Basi, msusi ambaye gumba lake halikutani na kidole amebaki na nini? Wateja walihamia kwa binti aliyemfundisha yeye mwenyewe, na wakipishana naye njiani walimpa pole kabla ya salamu.

"Sasa nisikilize," alisema daktari. "Kile kipande ni kama ute wa yai ulioanza kushika. Kinashikiliwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nitakufunga ubao kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, na ubao huo utafunguliwa na mimi, siyo na mtu mwingine. Kifundo kikikunjwa kabla ya wakati, kipande kitaachia."

"Na kikiachia nitajuaje?"

"Hutajua. Mwingine angeumia, akaacha. Wewe huna wa kukuonya, ndiyo maana nakufunga ubao. Na mradi wetu unampa kila mtu mara moja tu. Mara ya pili haipo."

"Ataufunga hata akilala," fundi alijibu kwa niaba ya mkewe, kama wanavyofanya waume. "Mimi mwenyewe nitamlinda."

Fundi alitaka mkewe arudi kazini, na hilo si kosa. Laini alitaka jambo jingine, ambalo hakulisema mbele ya daktari kwa kuogopa lingeonekana dogo.

Alitaka mama yake amjue.

*

Mama huyo waliishi naye. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla kidogo kidogo, kama mchwa wanavyokula mlango: kwa nje mlango upo, ukiubonyeza unatoboka. Kutwa alishinda kwenye karakana ya mkwewe, amekaa kwenye kochi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, halina kitambaa, sponji iko nje. Aliwakaribisha wateja kama nyumba ni yake. Alimwita mkwewe "fundi wangu", na wifi yake Laini, dada wa fundi aliyekuja kusaidia kumwangalia, akamwita "yaya".

Zamani mama huyo alikuwa msusi, na ndiye aliyemfundisha bintiye. Alimfundisha pamoja na desturi yake mwenyewe ya kazi. Yeye hakumwambia mteja "geuza kichwa". Mstari ukifika mwisho kisogoni, alikunja kifundo cha mkono, akamgonga mteja nyuma ya sikio kwa kiungo cha kidole cha kati, mara mbili, ko-ko, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Mteja aligeuka. Mdomo wa msusi, alikuwa akisema, una kazi nyingine, ya kupokea habari za mtaa.

Ugonjwa ulimsahaulisha nyumba, majirani na mume aliyemzika mwenyewe. Lakini bintiye alipokuwa akimsuka, mstari wa kwanza ukiisha na kile kidole kikibisha nyuma ya sikio, mama aligeuza kichwa na kusema, "Kiduchu." Hilo lilikuwa jina la Laini la utotoni. Kisha wangezungumza, hata kwa muda mrefu, mama na mwana.

Baada ya ajali Laini alijaribu mara moja tu. Kwa kuwa hakusikia nywele vidoleni, aliziogopa zisimponyoke, akazibana na kuzivuta. Hata mstari wa kwanza haukufika nusu. "Uwii! Mwizi! Ananing'oa nywele!" mama alipiga kelele, majirani wakajaa mlangoni kushuhudia Laini, yule Laini wa mkono laini, akimliza mama yake mzazi. Tangu siku hiyo jina la Kiduchu halikusikika tena nyumbani.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Laini alirudi na ubao, na mtaa ukarudi na utani. Walimwita Mama Printa. Fundi wa redio wa jirani alimwomba, akienda tena hospitali, awaulize kama wanaweza kumchapishia mke mwenye adabu. Laini alicheka pamoja nao, maana safari hii kicheko kilikuwa na matumaini ndani yake.

Mama hakucheka. Aliutazama ule ubao uliofungwa bendeji, akamvuta wifi nguo.

"Yule mwenye mkono wa mti ametoka wapi?"

"Ni mwanao yule, mama."

"Mwanangu ana mikono ya nyama. Mwambie aende kwao."

Wifi aliangua kicheko, kisha akaona uso wa Laini, akajifanya anakohoa.

Tatizo lilikuwa nywele. Mama hakukubali kuguswa kichwa na yeyote. Binti wa saluni aliitwa, akafukuzwa na kandambili. Wifi alijaribu kwa vitumbua na maneno matamu, akang'atwa. Nywele zilianza kushikana, zikawa mafundo, mafundo yakawa kama sponji ya kochi kuukuu. Likaja joto, na pamoja nalo harufu. Laini alikaa mbali, kwa sababu akisogea tu mama alianza kupiga kelele za mkono wa mti. Alijihesabia faraja: ubao utafunguliwa, mshipa utaota, vidole vitauma, mstari utafika kisogoni. Alichohitaji ni mama kusubiri. Hilo ndilo jambo ambalo mgonjwa wa namna ile hawezi kuombwa.

Asubuhi moja wifi alitoka chumbani kwa mama ameshika foronya. Ilikuwa na doa la usaha.

"Kuna kidonda chini ya yale mafundo," alisema. "Na kuna wadudu, wifi, usiniambie nimeona vibaya. Leo zinanyolewa. Mtanichukia, lakini leo zinanyolewa."

"Nani anakuchukia?" alisema fundi. "Zinyoe tu. Nywele si kichwa, zitaota."

Laini aliichukua foronya, akalitazama lile doa. Wifi yake alikuwa na haki. Ndiye aliyemwosha mama, ndiye aliyemlisha, ndiye aliyekuwa na alama za meno mkononi. Mtu anayetoa amri bila kushika beseni hana amri. Akampisha, na wifi akaenda karakana kuchukua mkasi wa kukatia vitambaa, kwa kuwa mkasi mdogo usingepita.

Kelele zilizofuata sitazieleza zote. Fundi alimshika mama mkwe wake mabega, huku akiomba radhi kwa kila neno analolijua, na wifi akasogea na ule mkasi mkubwa. Mama aliuona. Hakuona nywele zikinyolewa, aliona watu wawili asiowajua wamemshika na chuma kinakuja kichwani. Akaanza kujipiga kisogo ukutani.

"Mwiteni Kiduchu!" alilia. "Mwanangu Kiduchu! Wananiua! Mwiteni aje!"

"Niko hapa, mama!" Laini alipiga magoti mbele yake. "Mimi ndiye Kiduchu."

Mama alimtazama usoni, akatazama ubao, na hofu yake ikazidi. "Toa huo mti! Mwanangu hana mti! Kiduchu! Kiduchu we!"

Kichwa kiligonga ukuta tena. Sasa kulikuwa na damu.

Laini alisimama. Alimnyooshea mumewe mkono.

"Nifungue."

"Nini?"

"Nifungue huu ubao."

"Mke wangu, una wazimu? Daktari alisema..."

"Nilikuwepo aliposema. Nifungue, au naufungua kwa meno."

Wengi baadaye walisema "ningekuwa mimi". Ningekuwa mimi ningemchoma sindano ya usingizi, ningekuwa mimi ningemwita muuguzi, ningekuwa mimi ningengoja. Hao wote hawakuwamo chumbani. Fundi wa makochi alikuwamo. Alimwachia mama mkwe wake mabega, akaushika mkono wa mkewe, na kwa vidole vilivyozoea kufungua mishono bila kuchana kitambaa akaizungusha bendeji, tabaka baada ya tabaka, mpaka ubao ukatoka. Alikuwa akilia wakati huo, naye si mtu wa kulia.

*

Laini alimwambia wifi alete maji ya vuguvugu, mafuta na chanuo la meno mapana. Alikwenda karakana, akakaa kwenye lile kochi lisilo na kitambaa, na mama, alipoona mkono hauna tena mti, akaja kukaa chini katikati ya magoti yake, amechoka, anatweta. Kwa mkono wa kushoto Laini alilowesha mafundo, akayaloweka kwa mafuta, akaanza kuyafungua kutoka nchani. Hakuharakisha. Kidonda alikisafisha, akakizunguka. Mama alinung'unika lakini hakupiga kelele, maana mkono uliomgusa ulikuwa wa nyama.

Kusuka kulimtaka atumie mikono miwili. Kwa kuwa vidole vya kulia havikusikia, alivitazama kwa macho, kama mtu anayemwangalia mtoto asianguke, na kila mara alipoona ngozi ya kichwa imeanza kunyanyuka alilegeza. Alianza mstari wa kwanza, ule mtindo wa haraka unaorudi nyuma moja kwa moja, ambao wanawake huuita twende kilioni. Kifundo chake kilikunjwa, kikanyooshwa, kikakunjwa tena. Hakusikia chochote. Kama ndani ya mkono kulikuwa na kitu kinachovutika na kukatika, kilifanya hivyo kimya, bila kumsumbua mwenyewe.

Mstari ulifika kisogoni. Laini aliufunga. Kisha akakunja mkono wa kulia, akabisha nyuma ya sikio la mama.

Ko-ko.

Mama aligeuza kichwa.

"Kiduchu," alisema.

"Naam, mama."

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa naumwa mkono."

"Aa, pole. Nani kakuuguza?"

"Mume wangu. Na wifi yangu."

"Watu wazuri hao. Waambie wasinizoee lakini, kuna mmoja ana mkasi mkubwa."

Wifi, aliyekuwa mlangoni na beseni, alijifunika uso kwa khanga.

Walizungumza mpaka kichwa kikaisha. Mama aliulizia saluni, akalaumu wasichana wa siku hizi wanaovuta nywele kama wanachota maji kisimani. Alisema Kiduchu amekonda. Alisema alimwota. Ulipoisha mstari wa mwisho, alilaza kichwa kwenye paja la mwanawe, akashikilia kile kidole cha kati kilichokufa ganzi, akalala usingizi.

Fundi alirudisha ubao mahali pake, akaufunga vilevile kama ulivyokuwa. Alikuwa fundi kweli. Hakuna ambaye angejua.

*

Siku ya kliniki, daktari aliifungua bendeji huku akiongea kwa furaha, kisha akaanza kuugonga mkono kwa ncha ya kidole, taratibu, kutoka kiwikoni kushuka, akitafuta mahali patakapostuka.

"Hapa? Hapa? Na hapa?"

"Hapana. Hapana."

Furaha ilimpungua. Alipaka mafuta ya baridi, akaburuta kidude cha mashine ya picha juu ya kovu. Kwenye skrini kulikuwa na weusi na weupe ambao fundi aliukodolea macho kana kwamba ungemwonea huruma.

"Hii ni ncha ya juu," alisema daktari. "Hii ni ya chini. Kipande chetu ni hiki hapa. Kimeachia upande mmoja, kikajikunja. Kimekufa."

Laini alikitazama kile kipande kilichojikunja.

"Mkono huu ulikunjwa," daktari aliendelea. "Nani aliufungua ubao?"

"Aliteleza bafuni," fundi alisema haraka. "Sakafu ina utelezi, unajua, sabuni..."

"Nilimsuka mama yangu," alisema Laini. "Ana ugonjwa wa kusahau. Alikuwa hanijui, na alikuwa anajiumiza."

Daktari aliweka kidude chini. Alionekana anatafuta maneno makali, na alikuwa na haki nayo: nje kwenye benchi walikuwapo watu waliokosa nafasi ile. Mwishowe aliuliza jambo jingine kabisa.

"Alikujua?"

"Alinijua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipoamka."

Daktari aliizima skrini.

"Chapisheni kingine," fundi aliomba. "Mashine si ipo? Seli si mlilea wenyewe? Mimi ndiye niliyeufungua ule ubao, daktari, kwa mikono yangu. Kosa ni langu. Mtoleeni mguuni kwangu."

"Seli zako mwili wake utazikataa, baba. Na mradi hauna mara ya pili, niliwaambia. Hata wangeniruhusu, msuli wa gumba hausubiri, umeshaanza kusinyaa." Alimshika Laini begani. "Pole sana. Sina lingine, dada yangu. Pole sana."

Walipofika mlangoni Laini alirudi.

"Daktari, anayekusuka mwambie asikuvute hapa mbele. Vipele hivyo vikizidi, nywele hazioti tena."

*

Mama alikuwa kwenye kochi lake karakana, mikono imepangwa mapajani.

"Karibu, mama'angu," alimwambia Laini. "Keti. Fundi anakuja sasa hivi."

Fundi alipita kichwa chini, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Laini aliketi pembeni ya mama, kwenye sponji. Mistari ilikuwa imeanza kulegea, nywele mpya nyeupe zimechomoza chini yake. Kidonda kilikuwa kimepona.

"Umependeza," alisema. "Nani kakusuka?"

Mama alijishika kichwa kwa fahari. "Mwanangu, Kiduchu. Hujamwona njiani? Ana mkono laini huyo, hakuna mfano wake. Ametoka mara moja tu, anarudi."

"Zimeanza kulegea. Nikufumulie?"

"Thubutu! Aje akute zimefumuliwa? Atasema kazi yake nimempa mtu mwingine."

Laini alisikia chozi likimshuka shavuni, maana shavu lilikuwa linasikia. Kisha akanyanyua mkono wa kulia, ambao sasa haukuwa na mti wala tumaini, akakunja kifundo bila kumwogopa mtu, akabisha nyuma ya sikio la mama, mara mbili, kama alivyofundishwa.

Ko-ko.

Mama alijivuta nyuma, akamtazama. Hakukasirika. Alishangaa tu, na kuumia kidogo.

"Unanigonga kwa nini, mama'angu? Nimekukosea nini?"

Laini aliushusha mkono.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilikufananisha."

"Si neno," alisema mama, akaupapasa ule mkono wenye ganzi, kwa upole, kama mtu anayemliwaza mgeni. "Hata mimi hunitokea."